Mayahudi wa Rhodes Penye Moshi wa Shituru

Mawe ya kijani yachimbwayo katika ardhi ya Katanga, kusini mwa Kongo, hayatiwi yote motoni. Huko Shituru, pembezoni mwa mji wa Likasi, yalisagwa mpaka yakawa unga, yakaloweshwa katika asidi ya salfa hata shaba ikatoka ndani ya mwamba na kuyeyukia katika maji yaliyogeuka buluu ya kukolea, kisha maji hayo yakapitishwa umeme mabirikani siku baada ya siku, na shaba ikawa inajikusanya kidogo kidogo juu ya mabamba mpaka ikapata unene wa kubanduliwa na kupelekwa tanurini kusubiwa iwe mikuo. Kiwanda hicho, mali ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kilianza kazi mwaka 1929, na haukupita muda kikapata umeme wa maporomoko ya Mwadingusha katika mto Lufira. Nakitaja kiwanda kabla ya kuwataja Mayahudi, ambao ndio maudhui ya makala haya, kwa sababu hapana hata mmoja miongoni mwao aliyekuja Likasi kwa kuvutiwa na hewa yake. Walikuja kwa kuwa penye shaba pana mishahara, na penye mishahara pana mtu atakaye shuka, sufuria, chumvi na taa ya chemli, na hapana budi awepo wa kumwuzia.

Mji wenyewe ulikuwa mji wa wageni tangu mwanzo. Ardhi ni ya Wasanga, ambao wao na majirani zao walijua kuyeyusha shaba na kuisubu katika umbo la misalaba dahari nyingi kabla Mbelgiji hajaonekana. Lakini hata ufalme ulioikabili Ulaya katika nchi ile ulikuwa wa mtu wa kuja, Msiri, Mnyamwezi aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akitafuta shaba na pembe, akajenga makao yake Bunkeya, akatawala, hata alipouawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli itokayo kusini kwa njia ya Rhodesia ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikasonga mbele kuyafuata machimbo ya Kambove. Wafanyakazi wakaajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami na Kasai, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hata kutoka Ruanda na Urundi, na katika kambi za kampuni, huko Panda na Shituru, watu hawa wa makabila mbalimbali wakakutana katika Kiswahili, Kiswahili kile ambacho mtu wa Unguja akikisikia hukunja uso kwanza, akatabasamu baadaye. Mji ukapewa jina la Jadotville kwa heshima ya mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 1966, Likasi ilipojirudishia jina lake.

Mayahudi wa kwanza kuifikia Katanga hawakutoka Rhodes. Walikuwa watu wa Ulaya ya Mashariki, wa Lithuania hasa na nchi za jirani, waliozikimbia dhiki na chuki za dola ya Warusi wakaenda Afrika ya Kusini, kisha wakapanda kaskazini pamoja na reli, kituo hata kituo. Ndugu wawili wa ukoo wa Susman, Elie na Harry, waliovuka mto Zambezi mwaka 1901 kufanya biashara ya ng'ombe katika nchi ya Walozi, walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliolipata soko lao kubwa katika matumbo ya wachimbaji wa Katanga, maana kampuni yenye maelfu ya watu wa kulisha haiulizi ng'ombe ametoka umbali gani. Elisabethville ilipata jumuiya yake ya Kiyahudi mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa mchanga kabisa. Lakini hao wa Lithuania hawakuwa wengi, na wengi wao walisema Kiingereza na macho yao yalielekea kusini. Waliokuja kuishika nchi na kukaa ni wale wa kisiwani.

Rhodes ni kisiwa cha bahari ya Mediterania, karibu sana na pwani ya Uturuki. Mayahudi walikuwapo huko tangu zamani, lakini wengi wa wale tunaowazungumza nasaba zao zilitoka Hispania, walikofukuzwa mwaka 1492 kwa amri ya wafalme Wakristo waliowapa hiari ya kubatizwa au kuhama; wakapokewa katika milki ya Uthmania, wakatawanyika katika bandari zake, na kwa muda wa zaidi ya karne nne wakaendelea kusema majumbani mwao Kiladino, yaani Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania na Kituruki. Walikaa ndani ya kuta za mji mkongwe, katika mtaa wao walioita Juderia, na sinagogi yao ya Kahal Shalom, iliyojengwa mwaka 1577, ingali imesimama. Wengi walikuwa wachuuzi wa nguo, mafundi na wachukuzi. Matajiri walikuwapo, lakini walikuwa wachache, na umaskini wa wengine ulikuwa umaskini wa kweli. Mwaka 1912 Waitalia walikiteka kisiwa, nacho kikakatika na masoko ya bara la Anatolia yaliyokuwa yakikilisha. Mjini pakajaa vijana wasiokuwa na kazi.

Wengi walitazama Marekani, na kwa hakika wako waliofika Seattle na New York. Lakini sheria za uhamiaji za mwaka 1921 na 1924 ziliubana mlango ule kwa watu wa nchi zao. Hapo ndipo inapoonekana hikma ya jambo dogo ambalo wakati wake halikufikiriwa kuwa na uhusiano wowote na Afrika. Shirika la Alliance Israélite Universelle la Paris lilikuwa limefungua shule kisiwani, za wavulana na za wasichana, na mafunzo yalikuwa kwa Kifaransa. Kijana wa Rhodes aliyekuwa hana mtaji wala cheo alikuwa na Kifaransa cha kuandika barua na kufunga hesabu, na koloni la Wabelgiji lilimtaka mtu wa namna hiyo. Wengine walikwisha kutangulia Rhodesia ya Kusini, wakaanzisha jumuiya yao Salisbury. Kutoka huko, au kwa njia ya Cape Town na Beira, wakaifuata reli mpaka Katanga, na baada yao wakafuata wadogo zao na wapwa zao.

Mwendo wa mambo aghalabu ulikuwa huu. Kijana aliwasili na anwani ya mjomba wake mfukoni. Mjomba akampa kazi dukani, chakula, na mahali pa kulala nyuma ya duka, katikati ya marobota. Akajifunza Kiswahili kutoka kwa wateja, na akakijua vyema kabla hajakijua Kifaransa cha maofisini. Baada ya miaka kadha ya kubana matumizi alipewa bidhaa kwa mkopo, si fedha, akaambiwa aende kufungua duka lake mahali ambapo hatashindana na aliyemlea. Kwa njia hiyo maduka ya Elisabethville yalizaa maduka ya Jadotville, Kolwezi, Kamina na miji mingine ya reli, na jina la ukoo mmoja likaweza kuonekana juu ya milango ya miji minne. Alipokwisha kujiweza, kijana aliandika nyumbani, na mashauri ya ndoa yakapitishwa kwa barua na picha baina ya akina mama wa Juderia. Bibi harusi akapanda meli kumwendea mtu ambaye pengine alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto, au hakumwona kamwe.

Duka lenyewe msomaji wa pwani asingelishangaa kuliona, kwa kuwa lilifanana na duka la Mhindi wa Ujiji au la Mwarabu wa Tabora: chumba kirefu chini ya paa la mabati, baraza mbele, na barazani fundi cherehani, Mwafrika, anayeshona pale pale kitambaa kilichonunuliwa ndani muda mfupi uliopita. Juu ya kaunta ilipigiliwa fimbo ya mita ya kupimia nguo, na wanawake waliisimamia kwa jicho kali, wakijua kwamba kidole gumba cha mwuzaji kinaweza kula inchi mbili za kitambaa bila ya kusema neno. Palikuwa na mabeseni ya enameli, mablanketi, sabuni ya mche, majembe, na baisikeli iliyoning'inizwa darini kwa mtu aliyekuwa akiweka akiba. Kampuni iliwapa watu wake posho ya chakula kila juma, hivi kwamba mshahara wa fedha, ijapokuwa ulikuwa mdogo, uliweza kuelekea kwenye nguo na vyombo, na siku ya mshahara wa Shituru na Panda ndiyo iliyoamua kama mwezi wa mwenye duka ulikuwa mwema.

Nadhani ni hapa panapotakiwa uangalifu, maana ni rahisi kuwaandikia watu hawa sifa zote mbili zisizopatana, ya udhalili na ya utawala, na kila moja ina ukweli wake. Kwa Mbelgiji wa Union Minière, mwenye nyumba ya matofali na bustani, muuza vitambaa wa Rhodes alikuwa mzungu wa daraja la pili, pamoja na Mgiriki, Mreno na Mwitalia: mtu wa kuvumiliwa, anayenuka duka, asiyealikwa klabuni kwa moyo mmoja. Lakini kwa sheria ya koloni alikuwa mzungu. Alikaa upande wa mji wa wazungu, wanawe walisoma shule za wazungu, na usiku, Mwafrika alipokatazwa kutembea mitaani huko, yeye alitembea. Aliyesimama upande wa pili wa kaunta, Mluba wa Kasai au Mbemba, hakuwa na shule ya namna hiyo wala kibali cha kukaa popote apendapo. Alikaa kambini, au Kikula kwenye mji wa Waafrika, na alipofukuzwa kazi alitakiwa kurudi kwao. Wote wawili walikuwa wageni mahali pamoja, na ugeni wao haukulipwa sawa.

Mizani hiyo ilidhihirika wakati wa vita. Mwishoni mwa mwaka 1941, bei za vitu zilipokuwa zimepanda na kampuni ikitaka shaba zaidi kwa ajili ya majeshi, wafanyakazi wa Panda na Shituru waliacha kazi wakidai nyongeza. Mgomo ukafika Elisabethville, na huko, tarehe 9 Desemba, askari waliupiga risasi umati uliokusanyika katika kiwanja cha mpira, wakafa watu kwa makumi, miongoni mwao kiongozi wao Léonard Mpoyi. Bei iliyomkera mgomaji aliisikia wapi kwanza, kama si kaunta? Mwenye duka hakuipanga. Ilimjia imekwisha kupangwa na meli zilizokosekana na marobota yasiyofika. Lakini yeye ndiye aliyeitamka.

Kwa mambo ya dini, Jadotville ilikuwa ndogo na ilitegemea Elisabethville, mwendo wa kilomita mia na ishirini hivi. Sinagogi ya huko, jengo zuri lenye kuba, lilijengwa katika miaka ya 1929 na 1930, yaani miaka ile ile ya kuanza kwa kiwanda cha Shituru, shaba ilipokuwa na bei kabla mdororo wa dunia haujaiangusha. Mwaka 1937 aliwasili rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes na mwanafunzi wa chuo cha marabi cha kisiwa hicho, akakaa Kongo mpaka 1991. Mwaka 1953 akawa rabi mkuu wa nchi nzima. Sharia ya Mayahudi hutaka wanaume kumi ndipo sala ya jamaa iswaliwe kwa ukamilifu wake, na katika mji mdogo wa viwanda kumi si hesabu nyepesi: mmoja yuko safarini kununua mali, wa pili ana homa, wa tatu ameona kwamba Jumamosi hii imeangukia siku ya mshahara.

Chuo kile alichosoma rabi Levy kilifungwa mwaka 1938, Mussolini alipotunga sheria za kibaguzi dhidi ya Mayahudi, ambazo zilifika mpaka Rhodes: watoto wakatolewa shuleni, na waliopata uraia hivi karibuni wakavuliwa. Wenye jamaa Kongo au Rhodesia wakaanza kuandika barua za kuomba viza, na waliofanikiwa wakaondoka. Jumuiya iliyokuwa na watu zaidi ya elfu nne siku za nyuma ikabaki na chini ya elfu mbili. Septemba 1943, Italia ilipokwisha kusalimu amri, Wajerumani walikishika kisiwa. Katika Julai ya 1944, ilhali majeshi ya washirika yako Normandy na Rumi imekwisha kukombolewa, Mayahudi waliamriwa kujiorodhesha, wanaume kwanza, halafu wanawake na watoto pamoja na vitu vyao vya thamani, wakafungiwa. Na tarehe 23 wakapakiwa katika majahazi ya mizigo mpaka Piraeus, kisha katika mabehewa ya reli mpaka Auschwitz, walikofika tarehe 16 Agosti. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani na kuwaokoa watu kama hamsini kwa kudai kwamba ni raia wa Uturuki au jamaa za raia. Katika watu 1,700 hivi waliochukuliwa, waliosalia hai walikuwa 150 au zaidi kidogo.

Habari zilifika Katanga polepole, kwa njia ya barua zilizorudishwa. Kwa hiyo, yule kijana aliyedhaniwa maskini wa ukoo, aliyepelekwa Afrika kwa sababu kisiwani hapakuwa na kazi ya kumpa, alikuta kwamba duka lake la mabati penye moshi wa Shituru limekuwa ndilo shina la ukoo, na kwamba waliobaki nyumbani kwa sababu walikuwa na nyumba ndio walioangamia. Baadhi ya waliosalia waliitwa na jamaa zao, wakaja Kongo wakiwa na namba za Auschwitz zimechanjwa mkononi, wakasimama nyuma ya kaunta zile zile.

Na kuna jambo la pembeni ambalo sina budi kulitia. Kilomita ishirini hivi kutoka Likasi liko chimbo la Shinkolobwe, ambalo mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko popote palipojulikana wakati ule. Barua ambayo Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939, kwa shauri la Leo Szilard, iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa ndiyo chemchemi muhimu kuliko zote za madini hayo. Wanazuoni hao wawili walikuwa Mayahudi waliomkimbia Hitler. Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo kabla Wamarekani hawajamwendea kuyanunua. Wakimbizi wa Kiyahudi walioitazama Likasi kutoka Marekani na wale walioikalia hawakujuana hata kidogo.

Baada ya vita ilikuja miaka ya neema. Ilipokaribia siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Mayahudi katika Kongo nzima walikadiriwa kuwa 2,500, nusu yao Elisabethville, na waliosalia wametawanyika Léopoldville, Jadotville, Kolwezi, Luluabourg na kwingineko. Wengi mno asili yao Rhodes. Siku kumi na moja baada ya uhuru Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, akaitenga na Kongo. Wengine walifunga maduka wakavuka mpaka wa Rhodesia, wengine wakarudi mambo yalipotulia, kisha wakaondoka tena: Septemba 1961 kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, kisichofikia watu mia na sitini, kilizingirwa Jadotville na kupigana siku tano mpaka kikaishiwa risasi na maji, na Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakauingia mji, na utengano ukaisha.

Hata hivyo si vita iliyowamaliza. Mwaka 1967 serikali iliichukua mali ya Union Minière, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines, na mwenye duka hakudhurika sana, kwa kuwa mishahara ya Shituru iliendelea kutoka. Pigo lenyewe lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa wananchi. Aghalabu waliokabidhiwa walikuwa watu wa chama na jamaa za wakubwa. Rafu zikauzwa zikaisha, na bidhaa mpya hazikuagizwa, kwa kuwa mali ya duka ni amana ya mwenye kukopesha, na aliyekopesha alimwamini mtu, hakuliamini jengo. Wateja wa Likasi walilipa gharama ya siasa hiyo kwa kusafiri mbali kutafuta chumvi. Serikali ilijaribu baadaye kuwarudishia wenyewe, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Brussels, ambako watu wa Rhodes waliotoka Kongo ndio nguzo ya jumuiya ya Kisefaradi, yaani ya Mayahudi wenye asili ya Hispania, mpaka leo, au Cape Town. Uporaji uliozuka nchini mwaka 1991 uliwaondoa wengi wa wale waliobaki; na miaka miwili iliyofuata Likasi ikaona hama nyingine iliyo kubwa mara nyingi kuliko hiyo, pale maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wana na wajukuu wa wale walioletwa na kampuni, walipofukuzwa majumbani mwao na kulala stesheni wakingojea treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuzaliwa.

Si wote wa Rhodes waliofuata shaba. Nissim Soriano, aliyekikimbia kisiwa zama za utawala wa kifashisti, alikwenda kando ya ziwa Mweru, akafanya biashara ya samaki wa kulishia miji ya machimbo, akaoa mwanamke wa huko. Mwanawe, Moïse Katumbi, aliyezaliwa mwaka 1964, aliitawala Katanga akiwa gavana kuanzia 2007 hadi 2015, Shituru na Likasi zikiwa chini yake. Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni Kinshasa mswada wa kumzuia mtu yeyote kuwa rais isipokuwa baba na mama yake wote wawili ni Wakongomani, na hapana aliyeuliza ni nani aliyekusudiwa. Mswada haukupita. Desemba 2023 mwana wa Soriano aligombea urais, akawa wa pili.